Shirika Lako Linagharimu Kiasi Gani?

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwaka uliotangulia, karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo zilitoka huko huko Marekani. Februari 2025 mji wa Bukavu ukaingia mikononi mwa waasi wa M23, na benki zake zikafunga milango. Kufikia tarehe 1 Julai, USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imekwisha kuacha kuendesha misaada. Chama kidogo cha Baraka au cha Fizi kwenyewe, huku Kivu Kusini, huwa mwisho wa mnyororo mrefu: kinapewa na shirika la mkoa, nalo limepewa na shirika la kimataifa, nalo limepewa na Washington au Brussels. Mnyororo ukikatwa juu, wa mwisho ndiye anayejua mwisho, na mara nyingi ndiye aliyekwisha kuwaahidi watu.

Mengi yameandikwa kuhusu amri ile, ya hasira na ya kulalamika. Mimi nataka kusema na nyinyi mnaoendesha vyama hivi: ASBL, yaani vyama visivyo vya faida, za akina mama, za vijana, za wakulima wa mihogo, za watu wanaofundisha ushonaji chini ya bati. Washington hatuna uwezo nayo. Daftari letu tunalo.

Mtazame mama anayenunua ndagala ufukweni Baraka alfajiri na kuzipandisha mpaka Fizi. Kabla hajafungua mdomo kutaja bei, anajua gunia limemgharimu kiasi gani: bei ya mvuvi, mbebaji, nauli, bariyeri za njiani, na zile zilizolowa mvua zikaharibika. Akikosea mara mbili mfululizo, mtaji umekwenda na kesho hayupo sokoni. Soko linamchapa mapema, kwa hiyo anajifunza mapema. Mratibu wa ASBL anaweza kukosea miaka kumi bila kuchapwa na mtu, kwa sababu anayelipa siye anayehudumiwa. Mfadhili yuko mbali na anasoma ripoti. Mwanakijiji yuko karibu lakini hajalipa kitu, na huona haya kulalamikia zawadi. Ukiniuliza tofauti kati ya biashara na shirika lisilo la faida, sitakuambia habari za faida kwanza. Nitakuambia kwamba sisi hatuna soko la kutusahihisha, na kwa hiyo lazima tujitengenezee wenyewe vitu vya kutusahihisha. Mengine yote ninayoshauri hapa yanatoka katika hilo.

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo tunapojidanganya zaidi.

Tuseme chama chenu kinataka kufundisha wasichana 25 kushona kwa miezi 6. Mnaandika bajeti: cherehani 10 za dola 120, jumla 1,200. Vitambaa, nyuzi na mikasi, 900. Walimu wawili, kila mmoja dola 100 kwa mwezi, 1,200. Pango la chumba dola 50 kwa mwezi, 300. Jumla dola 3,600, yaani dola 144 kwa kila msichana. Mfadhili anafurahi, nanyi mnafurahi.

Sasa kaa na mhasibu wako jioni moja mwandike ambavyo havikuandikwa. Mchango wa mwajiri kwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 13 ya mshahara, mbali na asilimia 5 inayokatwa kwa mfanyakazi mwenyewe. Kwa walimu wale wawili ni dola 156. Mratibu anatumia nusu ya muda wake hapo: kama anastahili dola 150 kwa mwezi, ni 450. Robo ya muda wa mhasibu wa dola 100 kwa mwezi, 150. Mlinzi wa usiku, kwa sababu cherehani 10 hazilali peke yake, 240. Simu na intaneti, 120. Safari mbili za Uvira kwenda benki, 120. Ada za kutuma fedha na hasara ya kubadilisha dola, 70. Sindano, mikanda na fundi wa kurekebisha mashine, 94. Jumla ya visivyoandikwa ni dola 1,400. Mafunzo yenu yanagharimu dola 5,000, si 3,600. Kila msichana ni dola 200.

Bei hizi ni za mfano tu, weka za soko lako. Lakini zile 1,400 zitalipwa, zimeandikwa au hazikuandikwa. Zisipolipwa na mfadhili, analipa mratibu anayefanya kazi bila mshahara mpaka siku anapoanza kujilipa kimya kimya. Analipa mlinzi anayeahidiwa "mwezi ujao". Au unalipa mradi unaofuata, ambao fedha zake zinaziba shimo la mradi uliopita, nao unaacha shimo lake. Wengi wanaoitwa wezi walianzia hapa, kwenye bajeti iliyoandikwa kwa aibu.

Kwa nini tunaandika kwa aibu? Kwa sababu tumeambiwa kuwa mfadhili anapenda kuona fedha zote zikienda "kwa wanufaika". Kweli wapo wafadhili wa namna hiyo. Lakini wengi wana nafasi ambayo hatuiombi. Mifuko ya pamoja inayosimamiwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, kwa mfano, inaruhusu hadi asilimia 7 kwa gharama za jumla za shirika. Asilimia 7 ya 3,600 ni dola 252, haizibi shimo la 1,400, na ndiyo maana hutakiwi kutegemea asilimia hiyo peke yake. Mlinzi wa darasa la kushona ni gharama ya darasa, si gharama ya jumla. Nusu ya mshahara wa mratibu inayotumika darasani iandikwe kwenye mistari ya darasa, pamoja na CNSS yake. Kwenye asilimia 7 acha vile tu visivyogawanyika: pango la ofisi, ukaguzi wa hesabu, mkutano mkuu wa mwaka.

Na mfadhili akisema hapana? Basi mna njia tatu. Mpunguze wasichana wawe 18, mfundishe vizuri. Mtafute sehemu inayopungua mahali pengine na mwandike imetoka wapi. Au mkatae. Najua kukataa dola 3,600 Baraka ni jambo gumu, na jirani atasema mmelewa. Mfanyabiashara hukataa kila siku: ukimpa bei iliyo chini ya alichonunulia, anafunika beseni lake. Ni vizuri baraza la chama likubaliane mapema, wakati hakuna fedha mezani, kwamba mradi usiolipa angalau kiasi fulani cha gharama zake halisi hautiwi saini. Mezani pakishakuwa na bahasha, hakuna anayefikiri sawasawa.

Jambo la pili ni sanduku. Hapa hatuna haja ya kwenda kujifunza mbali, kwa sababu wake zetu na dada zetu wamekwisha kutuzidi. AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzishwa na CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima, vina kanuni ambazo ofisi nyingi zenye kompyuta hazina. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, wala si kwa yule anayelala na sanduku nyumbani kwake. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, mbele ya wote. Aliyechelewa anatozwa faini hata kama ni mke wa chifu. Hakuna mama katika kikundi anayekasirika kwamba hawamwamini. Kufuli haikuwekwa kwa ajili yake. Iliwekwa ili mumewe akimwomba fedha za kikundi usiku, aweze kujibu kwamba ufunguo hauko kwake.

Mratibu wa ASBL ni mtoto wa hapo hapo. Ndugu wanamjua, kanisa linamjua, shangazi ana mgonjwa hospitalini, na kila mtu ameona gari la wafadhili likisimama mbele ya ofisi. Kumwambia mtu wa namna hiyo "uwe mwaminifu" na kumwachia hundi, kitabu cha fedha na mhuri peke yake ni kumfanyia ukatili. Gawa kazi: anayeomba fedha asiwe anayeidhinisha, anayeidhinisha asiwe anayelipa, na anayelipa asiwe anayepokea bidhaa. Hata chama cha watu wanne kinaweza. Kila Ijumaa fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili, kiasi kiandikwe, watie saini. Zikipungua franka 5,000, ziandikwe zimepungua. Daftari lisilopungua hata siku moja kwa mwaka mzima ndilo ninalolishuku.

Fedha za mradi A zisilipe mradi B, hata "kwa wiki mbili tu". Kama lazima, basi iwe kwa barua, kwa uamuzi wa baraza, na mfadhili wa A ajue. Andika pia kiwango cha ubadilishaji kila unapobadilisha dola kuwa franka, pamoja na tarehe na jina la mbadilishaji, kwa sababu bajeti yako iko kwa dola na matumizi yako kwa franka, na kati ya hizo mbili fedha hupotea bila mtu kuiba. Noti ya dola ikiwa na mpasuko mdogo, sokoni haipiti. Ikatae benki kabla hujaondoka dirishani.

Benki zilipofunga Bukavu, vyama vilivyokuwa na njia moja tu ya kufikia fedha zao vilijifunza kwa uchungu. Muwe na akaunti ya benki na akaunti ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Lakini namba ya simu iandikishwe kwa jina la chama kila inapowezekana, isiwe namba ya mratibu binafsi. Akisafiri, akigombana nanyi, au Mungu akimchukua, fedha za chama zinabaki mikononi mwake au mwa familia yake, na hakuna kesi chungu kuliko hiyo katika kijiji.

Kuhusu vitabu vyenyewe nitapita haraka. Kongo imo OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na OHADA imeweka mfumo wa hesabu wa mashirika yasiyo ya faida, SYCEBNL, unaotumika tangu tarehe 1 Januari 2024. Vyama vidogo vinaruhusiwa kutumia mfumo mwepesi wa kuandika fedha zinazoingia na zinazotoka. Kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba sheria inadai mambo makubwa asiyoyaweza. Mtafuteni mhasibu wa Uvira au wa Baraka awaonyeshe kwa siku mbili, mlipeni, na malipo hayo yaingie kwenye bajeti.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwenye duka anajua kama bidhaa yake ni nzuri kwa kuwa mnunuzi anarudi. Sisi tunajuaje? Tukiulizwa, tunatoa orodha ya mahudhurio na picha za fulana. Rudi kwa wale wasichana 25. Tuseme 20 walimaliza. Gharama ya kila aliyemaliza sasa ni dola 250. Baada ya mwaka mmoja mkawatembelea, mkakuta 10 ndio wanaoshona na kupata chochote. Kila fundi mmoja amegharimu dola 500. Hesabu hiyo inaweza kuwa nzuri au mbaya. Inategemea mlitaka nini, na njia nyingine ingegharimu nini. Pengine kumweka msichana miezi sita kwa fundi mzuri wa sokoni, na kumlipa fundi huyo, kungetoa mafundi 20 kwa fedha hizo hizo. Hutajua kama hukuwatembelea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Bangladesh, na unahusu kuharisha, ugonjwa tunaoujua Baraka vizuri mno. Shirika la BRAC lilianzishwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed kusaidia watu waliokuwa wakirudi kutoka ukimbizini India. Linganisha na waliorudi kwetu kutoka kambi za Tanzania, Lugufu na Nyarugusu, wakishukia bandari ya Baraka kuanzia mwishoni mwa 2005. Abed aliuza nyumba yake ya London kupata fedha za kuanzia. Katika miaka ya 1980 BRAC ilipeleka wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari ya kumpa mtoto anayeharisha. Wangeweza kuwalipa walimu kwa idadi ya nyumba walizoingia, na kila mwalimu angekimbia. Walifanya vingine: watu wengine walirudi baadaye katika baadhi ya nyumba zile, wakamuuliza mama anakumbuka nini na kumwambia achanganye mbele yao. Mwalimu alilipwa kulingana na kilichobaki kichwani na mikononi mwa mama. Kaya zaidi ya milioni 12 zilifikiwa namna hiyo.

Mfumo wa malipo si lazima muuige. Ukiwekwa vibaya unaleta udanganyifu. Lakini safari ile ya kurudi inawezekana kwa chama chochote. Kama mnahamasisha watu wa Mulongwe au Lusenda kuhusu kipindupindu, chagueni nyumba 15 bila kuchagua marafiki, mrudi baada ya miezi miwili, na anayerudi asiwe aliyefundisha. Angalieni ndoo ina kifuniko au haina. Jibu likiwa baya, mpeni mfadhili vile vile lilivyo, pamoja na mnachobadilisha. Wapo watakaokasirika. Wale wa kukaa nao muda mrefu hawakasiriki.

Watu wengi wakisikia "uendeshaji wa kibiashara" wanafikiri ni kufungua duka la chama. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayosimamia ASBL, haikatazi kabisa: shughuli ya kibiashara inaruhusiwa kama ni ya pembeni, mradi wanachama wasijigawie faida. BRAC yenyewe ina Aarong, duka la kazi za mikono lililoanza 1978 na kukua sana. Kwa hiyo njia ipo. Tahadhari yangu ni mashine ya kusaga mihogo.

Kila chama kinaitaka. Mfadhili ananunua kwa dola 2,400, siku ya uzinduzi kuna ngoma, na wanachama wanaamua bei ya chini kwa sababu "ni ya jamii". Bei hiyo inalipa mafuta na kijana anayeiendesha. Baada ya miaka minne injini inakufa, na sanduku liko tupu. Kama mashine itadumu miaka 4, basi kila mwezi dola 50 lazima ziwekwe kando kwa ajili ya inayofuata, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia faida. Mashine ya jirani, mfanyabiashara, ina bei ya juu kwa sababu yeye amehesabu hizo 50. Mkishusha bei kwa fedha za zawadi mtamfunga yeye, na yenu ikifa kijiji kitabaki bila mashine hata moja. Ndiyo maana napendelea vitu vya kawaida zaidi: kukodisha ukumbi na viti, kupangisha chumba, kuuza mafunzo kwa mashirika makubwa yanayohitaji watu wanaojua Kibembe na vijiji, na ada ya wanachama. Chochote mtakachochagua kiwe na daftari lake na mtu wake wa kukijibia, mbali na miradi.

Ada ya wanachama watu huidharau kwa udogo wake. Hata franka 1,000 kwa mwezi zina kazi ambayo dola 3,600 za mfadhili haziwezi kuifanya: aliyelipa anauliza. Ndiye soko letu dogo. Ila ipangeni kwa kalenda ya watu. Mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Chama cha wavuvi kinachodai ada ziwa likiwa limefungwa kinatafuta ugomvi. Kusanyeni ya mwaka kabla ya Mei. Sehemu ya ada na ya mapato ya pembeni iwe akiba, na lengo la kwanza liwe miezi mitatu ya matumizi ya lazima: pango, mlinzi, simu, mhasibu. Amri ya Januari 2025 ilikuwa ya siku 90. Miezi mitatu.

Baraza la wasimamizi likiwa ni mke, shemeji na rafiki wa shule, yote haya yatabaki karatasi. Kila mtu hapa anayajua mashirika yanayobebwa ndani ya begi, na sitayazungumzia zaidi. Chukueni mfanyabiashara mmoja wa soko la Baraka anayejulikana kwa ubishi, mwekeni kwenye baraza. Msimwombe mchango wa fedha. Mpeni bajeti aisome.

Limebaki la kufunga. Mradi una mwisho tangu siku unapoanza, nasi tunaishi kama hauna. Desemba 2020 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kuacha sehemu kubwa ya kazi zao Fizi baada ya mashambulizi dhidi ya wafanyakazi wao. Kama shirika la ukubwa huo, lililokuwa likisaidia hospitali ya Baraka tangu 2003, linaweza kulazimika kuondoka, chama cha watu saba kisijiambie kwamba mfadhili "atarefusha tu". Katika mkataba wa kila mfanyakazi andikeni tarehe ya mwisho na fedha za kumwachisha kazi kwa haki, nazo ziwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Miezi miwili kabla ya mwisho, waambieni wafanyakazi na kijiji kwa mkutano, isiwe kwa uvumi. Na zile cherehani 10: siku zinaponunuliwa, kabla hazijatolewa kwenye maboksi, andikeni namba zake, na katika karatasi hiyo hiyo mseme mradi ukiisha zinakwenda kwa nani, wangapi, na kwa masharti gani. Karatasi itiwe saini na baraza, walimu, na wasichana wawili waliochaguliwa na wenzao, nakala moja ibaki kwa mkuu wa mtaa.